Kibarua naye ana likizo? Zijue siku zako kisheria

Umepiga kazi kiwandani Kibaha miezi minne, ukasimamishwa, kisha ukaitwa tena. Ukiuliza likizo unajibiwa, "Wewe ni kibarua tu." Je, ni kweli?

Si mara zote. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya 2004, inayotumika Tanzania Bara, inasema mwenye chini ya miezi sita kazini hana likizo ya malipo. Lakini kama mwajiri yuleyule amekuajiri zaidi ya mara moja ndani ya mwaka, na jumla ya vipindi hivyo inazidi miezi sita, haki hiyo unayo. Wafanyakazi wa msimu nao wamo.

Likizo ya mwaka
Ni siku 28 mfululizo, sikukuu zikiwa ndani yake. Bosi ndiye anayepanga lini uende, ila asivuke miezi sita baada ya mwaka wako wa kazi kuisha. Akitaka kusogeza hadi miezi 12, lazima ukubali na awe na sababu ya msingi.

Ugonjwa
Siku 126 ndani ya miezi 36: 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu. Peleka cheti cha daktari.

Uzazi
Mama anapata siku 84, au 100 akijifungua mapacha. Mpe mwajiri taarifa miezi mitatu kabla, pamoja na cheti cha daktari. Ukirudi kazini, una hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Baba anapata angalau siku tatu, azichukue ndani ya siku saba tangu mtoto azaliwe.

Msiba au mtoto kuugua
Angalau siku nne ndani ya miezi 36. Msiba ni wa mwenza, mzazi, mtoto, babu, bibi, mjukuu au ndugu wa kuzaliwa.

Kazi ikiisha kabla hujaenda likizo
Usiondoke mikono mitupu. Kwa kila siku 13 ulizofanya kazi, unadai mshahara wa siku moja.

Ukipigwa danadana
Nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) ndani ya siku 60 tangu mgogoro uanze. Ukiwa umefukuzwa kazi na unapinga, una siku 30 tu.

Kwa kibarua, ushahidi ndio kila kitu. Tunza mkataba, kitambulisho cha kazi na meseji za malipo. Hata picha ya daftari la mahudhurio inaweza kukusaidia kuonyesha miezi yako imevuka sita.