Ukimya wa Abiria Katika Barabara Yetu

Katika taarifa ya mwaka huu tumeona vema kuandika habari za ukimya wa abiria garini. Barabara kuu itokayo Nakuru kwenda Kericho na Kisumu yapita hapa Chepseon, na hatuna haja ya kueleza imetuchukulia wangapi. Tarehe 10 Oktoba 2018 basi lilianguka karibu na Fort Ternan, wakafa watu zaidi ya 50. Tarehe 30 Juni 2023 lori liliwaparamia wachuuzi na abiria waliokuwa wakingoja magari pale Londiani Junction, wakafa tena zaidi ya 50. Hao wa Londiani hawakuwa na nafasi ya kumwonya mtu, na maneno yetu hayawahusu. Yawahusu wale waketio nyuma ya dereva, wakaiona hatari kwa macho yao, wakanyamaza. Vyama vya ustawi kama hiki huombwa mchango baadaye, wa jeneza na wa karo ya mayatima.

Zamani neno la jirani lilikuwa na mahali pake. Katika kokwet, baraza la kitongoji, mkosaji aliambiwa kosa lake mbele ya watu wanaomjua, naye msemaji alijua kwamba atasikilizwa. Matatu ni baraza la namna nyingine. Magari haya, yaliyopata jina kwa nauli ya sarafu tatu za senti kumi, yaliruhusiwa rasmi mwaka 1973. Humo hupanda mchuma chai, mwalimu, mama na gunia lake la viazi, na mgeni aendaye Kisumu. Hawajuani, wala hawatarajii kukutana tena. Ni nani atakayekuwa wa kwanza kumkanya dereva, aonekane mwoga au mshamba?

Serikali ilijaribu kwa sheria. Kuanzia Februari 2004 Waziri John Michuki alilazimisha mikanda na vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa. Tulifurahi, na kwa muda mambo yalinyooka. Lakini askari hawezi kupanda kila gari.

Ukimya wenyewe ulikwisha kuchunguzwa mbali na kwetu. Mwaka 1968 wataalamu wa elimu ya nafsi, John Darley na Bibb Latané, walieleza jaribio walilolifanya New York. Mwanafunzi aliwekwa peke yake chumbani, akasikia sauti ya mwenziwe kana kwamba ameshikwa na kifafa. Katika waliodhani ni wao peke yao wanaosikia, 85 kwa mia walitoka kuomba msaada kabla sauti haijakoma. Katika waliodhani wengine wanne wanasikia pia, 31 kwa mia tu. Hawakuwa watu wa roho mbaya. Kila mmoja alimngoja mwingine aanze. Sisi tuliokwisha kukaa kiti cha nyuma gari likishuka mteremko usiku twaijua hali hiyo bila kufundishwa.

Ndipo mwaka 2008 James Habyarimana na William Jack wa Chuo Kikuu cha Georgetown (nao ni wachumi, si wataalamu wa nafsi) walipobandika stika katika matatu za safari ndefu zaidi ya 1,000 nchini Kenya, zilizochaguliwa kwa kura. Nyingine zikaachwa bila stika, ili zilinganishwe. Maneno yake yaliwahimiza abiria wamkemee dereva mbaya. Madereva waliozitunza stika waliingizwa katika bahati nasibu ya kila wiki, na twaona hapo walikuwa na busara, maana vinginevyo nyingi zingebanduliwa mapema. Madai ya bima, ambayo bila stika yalikuwa kama 10 kwa kila magari 100 kwa mwaka, yalipungua kwa nusu hata theluthi mbili.

Stika haikumfundisha mtu jambo geni, kwani kila abiria alijua kwamba mwendo wa kasi huua. Twadhani ilimjulisha kwamba jirani yake naye ameyasoma maneno yale yale, hata akisema hatakuwa peke yake.

Jaribio la pili, lililochapishwa mwaka 2015, lilihusu magari 12,000. Mara hii upungufu ulikuwa robo hata theluthi, nayo maneno yaliyowaita abiria waseme kwa pamoja yalifaa zaidi. Matangazo ya redio yaliyokwenda sambamba hayakuonyesha athari yoyote ya kutambulika. Mtu huisikia redio akiwa jikoni kwake, kisha hupanda gari pamoja na watu asiojua kama nao walisikia.