Ayala wa Aktiki: Jina la Mnyama wa Krismasi

Krismasi hufika Peramiho, kusini mwa Tanzania, mvua zikiwa zimekolea na mahindi yakihitaji palizi. Theluji hakuna. Hata hivyo, kwenye kadi na katuni za msimu huo yumo mnyama mwenye pembe za matawi, akivuta gari la Baba Krismasi. Mtoto akiuliza ni nani, mkubwa hujibu upesi: swala, paa au kulungu.

Majibu yote matatu si sahihi. Swala, paa na kulungu wamo katika familia moja na ng'ombe na mbuzi. Wanaoyajua mapori ya Songea wanamfahamu kulungu, ambaye wengine humwita mbawala au pongo: pembe yake ni ganda gumu lililoufunika mfupa, haidondoki maisha yake yote, na jike hana kabisa. Mnyama wa Krismasi ni kinyume chake. Pembe zake ni mfupa mtupu. Huota zikiwa zimefunikwa na ngozi laini yenye manyoya, huanguka, kisha huota upya kila mwaka. Majike nao wanazo. Tena madume wazima huangusha zao mnamo Novemba na Desemba, ilhali majike wenye mimba hubaki nazo hadi karibu na kuzaa. Kwa hesabu hiyo, wale wanaochorwa na pembe usiku wa Krismasi ni majike, au madume wachanga au waliohasiwa!

Kisayansi anaitwa Rangifer tarandus. Kijerumani, lugha ya watawa Wabenedikto walioanzisha misheni ya Peramiho mwaka 1898, humwita Rentier. Amerika Kaskazini huitwa caribou, jina ambalo kwa tahajia ya Kiswahili lingegeuka kuwa salamu ya mlangoni. Anaishi kaskazini ya mbali, kuanzia Norwe na Urusi hadi Kanada, na Wasami, wenyeji wa kaskazini ya Ulaya, humfuga. Majira ya baridi nyama ya chini ya kwato zake hunywea, ukingo mkali ukajitokeza, naye huutumia kuchimbua theluji akitafuta likeni, chakula chake.

Uhusiano wake na Krismasi ni wa juzi tu. Mtakatifu Nikolao, askofu wa Myra katika Uturuki ya leo, hakuwa naye. Mnyama huyu aliingia mwaka 1821 katika kijitabu cha watoto kilichochapishwa New York, akiwa mmoja; mwaka 1823 shairi la gazetini likamfanya wanane. Rudolph, mwenzao mwenye pua nyekundu, alibuniwa mwaka 1939 na Robert L. May kwa ajili ya kampuni ya maduka ya Montgomery Ward, Chicago. Biashara, basi.

Barani Afrika, ndugu zake wa asili wako kaskazini tu, Algeria na Tunisia, ndiyo maana wawindaji wetu hawakuwa na jina lao. Lakini Biblia ya Kiswahili inalo: Zaburi ya 42 humtaja ayala, neno lenye undugu na ayyal la Kiebrania, na ayala ni wa familia moja na mnyama wa Krismasi. Kinachobaki ni kuongeza makazi ya huyu wa Krismasi: Aktiki, yaani kaskazini ya mbali. Wahariri wa vitabu vya watoto, andikeni ayala wa Aktiki, na kulungu mumwachie jina lake.