Ipswich 1962: Timu Iliyopanda Daraja Ikabeba Ubingwa Msimu Huohuo, Halafu Ikapotea

Ukiwauliza wadau wa soka maajabu makubwa ya ligi ya England, wengi watakutajia Leicester City ya 2016. Hawajakosea, ile ilikuwa kali. Lakini Leicester walikuwa wameshaizoea ligi kubwa tangu enzi za mababu, na msimu ule wa ubingwa ulikuwa wa pili tangu warudi.

Sasa kuna hawa wengine. Hawa walikuwa hawajawahi kukanyaga ligi kubwa hata siku moja tangu klabu izaliwe. Wakapanda, wakacheza msimu wao wa kwanza, wakamaliza juu ya kila mtu. Na kabla watu hawajamaliza kushangaa, misimu miwili tu mbele, wakashuka daraja wakiwa wa mwisho kabisa, wamefungwa mabao 121.

Hiyo ndiyo Ipswich Town. Mabingwa wa England msimu wa 1961/62.

WALITOKEA WAPI HAWA JAMAA?

Ipswich ni mji wa mashariki mwa England, kwenye mkoa wa Suffolk, eneo la wakulima. Siyo London, siyo Manchester, siyo Liverpool. Klabu yao iliingia kwenye mfumo wa ligi mwaka 1938 tu, wakati wenzao kama Preston na Aston Villa walikuwa wameshacheza ligi miaka 50. Miaka mingi walikuwa daraja la tatu, ukanda wa kusini. Walipanda mara moja, wakarudi chini haraka mwaka 1955.

Mwaka huohuo wakampa timu kocha mpya ambaye hakuwahi kufundisha klabu ya ligi popote. Jina lake Alf Ramsey.

Ramsey alikuwa beki wa kulia wa Tottenham na timu ya taifa. Shika hapo vitu viwili, maana vitarudi mbele.

Cha kwanza: mwaka 1950 Ramsey akiwa mchezaji alibeba ubingwa wa Daraja la Pili na Tottenham, na 1951 wakabeba Daraja la Kwanza papo hapo baada ya kupanda. Kwa hiyo yeye alishajua kuwa jambo hilo linawezekana. Pale katikati, mbele yake kidogo upande uleule wa kulia, alikuwepo kiungo ambaye baadaye alikuja kuwa kocha wa Tottenham hiyohiyo.

Cha pili: Novemba 1953 alikuwa uwanjani Wembley siku Hungary walipoitandika England 6-3. Hungary walikuwa na namba tisa ambaye hakukaa mbele kama namba tisa wengine. Alirudi nyuma, kule katikati, na mabeki wa England wakabaki wanaulizana nani amfuate. Ramsey alifunga penalti siku ile, lakini somo alilotoka nalo bila shaka lilikuwa kubwa kuliko bao.

Mwaka 1957 Ipswich wakapanda kwenda Daraja la Pili. Mwaka 1961 wakachukua ubingwa wa daraja hilo. Sasa mlango wa ligi kubwa ukafunguka.

Kumbuka, enzi hizo Premier League haikuwepo, ilikuja 1992. Ligi kubwa iliitwa Daraja la Kwanza, timu 22, mechi 42, na ukishinda unapata pointi mbili, siyo tatu.

HAKUNA ALIYEWAPA NAFASI

Mabingwa watetezi walikuwa Tottenham, waliotoka kubeba ligi na Kombe la FA kwa mpigo. Burnley walikuwa mabingwa wa 1960. Hizo ndizo zilikuwa timu. Ipswich wao watu waliwapangia kazi moja tu, kushuka.

Na kikosi chenyewe kilikuwa cha watu ambao wengi wao klabu nyingine ziliona hawana jipya. Majina yao ukiyataja kijiweni leo hakuna atakayestuka, kwa hiyo inatosha kuwaita kwa kazi zao. Kulikuwa na straika mmoja mwenye pua ya goli aliyetokea Portsmouth. Pembeni yake kulikuwa na mwenzake mwenye mashuti ya kuvunja mikono ya makipa. Na upande wa kushoto kulikuwa na winga Mskochi, miaka 33, mwembamba mpaka wakamtania kwa miguu yake kuwa ni vijiti. Mbio hana. Aliwahi kupita Chelsea, akapita Brighton, na wala hakuzaliwa winga, alikuwa mshambuliaji wa ndani.

Mtu wa kawaida angesema huyu ni wa kustaafu. Kumbe ufunguo wa ubingwa ulikuwa kwake.

UJANJA WENYEWE

Ili uelewe, lazima ujue soka la England lilivyochezwa miaka ile. Kila beki alikuwa na mtu wake, na alimjua kwa namba mgongoni. Beki namba 2 kazi yake ni winga namba 11. Winga naye anakaa mstarini, anapewa mpira, anamkimbiza beki, anapiga krosi. Ndivyo walivyofundishwa tangu wakiwa shule.

Ramsey akamwambia yule winga wake mzee asikae mbele. Rudi nyuma, kaa huku kwenye nusu yetu.

Sasa fikiria wewe ndiye beki namba 2. Mtu wako yuko mita 30 mbali na wewe. Ukimfuata, unaacha shimo nyuma yako. Ukibaki, jamaa anapokea mpira peke yake, hana mtu wa kumsumbua, ana muda wa kuinua kichwa na kuchagua. Na huyu bwana kama hakuwa na mbio, jicho na pasi alikuwa navyo. Ukimfuata mpira unapigwa kwenye lile shimo uliloacha. Usipomfuata unapigwa vilevile. Winga wa kulia naye alikuwa anafanya mchezo unaofanana na huo.

Mpira ukishafika mbele, wale mastraika wawili hawakuhitaji nafasi nyingi. Msimu ule mmoja alifunga mabao 33 ya ligi, mwenzake 28. Jumla 61. Timu nzima ilifunga 93. Hesabu hiyo inakwambia kila kitu.

Kitu kingine cha kukumbuka ni kwamba hakukuwa na video za kumsoma mpinzani. Kipindi maarufu cha BBC cha kuonyesha mechi, Match of the Day, kilianza Agosti 1964. Kwa hiyo kocha wa timu pinzani alikuwa anasikia tu kwamba Ipswich ni timu ya ajabu ajabu, halafu anakwenda kukutana nayo Jumamosi. Akija kushtuka dakika 90 zimeisha.

MSIMU ULIVYOKWENDA

Mwanzo haukuwa mzuri. Mechi ya kwanza, sare ya 0-0 kwa Bolton. Ya pili wakapigwa 4-3 na Burnley ugenini. Ya tatu wakafungwa 4-2 nyumbani na Manchester City. Mechi tatu, pointi moja. Waliosema watashuka wakajiona manabii.

Halafu Burnley wakaja Portman Road kwa mechi ya marudiano, wakachezea kichapo cha 6-2. Hapo ndipo watu wakaanza kuulizana maswali.

Oktoba wakaja Tottenham, mabingwa wenyewe. Ipswich 3, Tottenham 2. Machi wakawafuata kwao London, wakawapiga 3-1 palepale nyumbani kwao. Timu iliyopanda juzi imechukua pointi zote nne kwa mabingwa.

Haikuwa mteremko. Aprili, ubingwa ukiwa unanukia, Manchester United waliwapiga 5-0. Jumla Ipswich walipoteza mechi 10 msimu ule na kuruhusu mabao 67. Siyo timu iliyotisha kwa ulinzi. Ila Burnley, waliokuwa wameongoza ligi muda mrefu na kumaliza na mabao zaidi ya 100, walianza kuchechemea mwishoni, na Ipswich wakawa nyuma yao wanahema shingoni.

Tarehe 28 Aprili 1962, mechi ya mwisho ya Ipswich, nyumbani dhidi ya Aston Villa. Watu zaidi ya 28,000 wamebanana uwanjani. Mpaka mapumziko, hakuna bao. Kipindi cha pili yule straika aliyetokea Portsmouth akafunga, dakika chache mbele akaongeza la pili. 2-0.

Wakati huo Burnley walikuwa nyumbani wakicheza na Chelsea. Ndiyo, Chelsea hii hii, ambayo msimu ule ilishika mkia ikashuka daraja. Burnley wakatoka nayo sare ya 1-1. Hesabu zikafungwa. Ipswich pointi 56, Burnley 53, Tottenham 52.

Tangu ligi ianze hakuna klabu iliyokuwa imechukua ubingwa katika msimu wake wa kwanza kabisa ligi kubwa, ukiacha Preston mwaka 1889, na huo ulikuwa msimu wa kwanza wa ligi yenyewe, kila mtu alikuwa mgeni. Na hata leo hakuna mwingine aliyerudia. Nottingham Forest walipanda wakabeba mwaka 1978, lakini wao walishakaa ligi kubwa kabla.

SIRI IKAFICHUKA

Sasa rudi kwa yule kiungo aliyecheza mbele ya Ramsey pale Tottenham miaka ya 1950. Huyo ndiye alikuwa kocha wa Tottenham waliopigwa mara mbili msimu ule. Watu wawili waliolishana pasi miaka mingi, mmoja amemzidi mwenzake akili mara mbili. Unadhani alilala?

Agosti 1962 wakakutana tena kwenye Ngao ya Hisani, ile inayoitwa Ngao ya Jamii siku hizi, palepale Portman Road. Kocha wa Tottenham akawaambia mabeki wake wa pembeni wasihangaike na wale mawinga. Waingie ndani, wawabane wale mastraika wawili. Mawinga waachiwe viungo.

Basi. Dawa ilikuwa hiyo tu. Tottenham 5, Ipswich 1.

Na mbele ya watu wote. Kila kocha England akaiona dawa, au akasimuliwa. Msimu ule Ipswich walimaliza nafasi ya 17. Ulaya, kwenye Kombe la Klabu Bingwa, waliitandika Floriana ya Malta jumla ya 14-1, kisha wakatolewa na AC Milan, ambao ndio waliolibeba kombe mwaka ule. Kule nako kulikuwa na heshima yake, kwa sababu Milan walikuja Portman Road wakafungwa 2-1. Tatizo walikuwa wameshashinda 3-0 kwao.

Oktoba 1962 Ramsey akapewa timu ya taifa, na Mei 1963 akaondoka kabisa kwenda huko. Septemba 1963 straika wa mabao 33 akauzwa Wolves. Yule winga wa vijiti umri ulikuwa unamkimbia. Desemba 26, 1963, Fulham wakawapiga Ipswich 10-1. Msimu ukaisha wako nafasi ya 22, ya mwisho. Mabao ya kufungwa 121.

Kutoka ubingwa mpaka mkiani, misimu miwili.

WALICHOACHA

Kuna wanaosema Ipswich walibahatisha. Lakini bahati gani ya mechi 42? Walichokuwa nacho ni kitu ambacho wakubwa hawakukijua, na walikitumia mpaka siku kilipojulikana. Shida yao ni kwamba hawakuwa na kingine. Timu kubwa ikisomwa inanunua watu wapya. Ipswich walisomwa wakiwa na watu walewale, wamezeeka mwaka mmoja zaidi, na mwenye akili ameondoka.

Akili yenyewe haikupotea. Mwaka 1966 Ramsey aliipa England Kombe la Dunia, na timu ile ilikuja kusifika kwa kucheza bila mawinga. Ukiangalia vizuri utaona alikoanzia. Alianzia kwa Mskochi wa miaka 33 aliyeambiwa arudi nyuma kidogo. Leo sanamu ya Ramsey imesimama nje ya uwanja wa Portman Road.

Klabu nayo iliinuka tena, ikabeba Kombe la FA 1978 na Kombe la UEFA 1981. Lakini ubingwa wa ligi haujarudi mpaka leo. Mwaka 2024 walipanda Ligi Kuu baada ya kupanda madaraja mawili mfululizo, na kuna wazee walioanza kukumbuka 1962. Haikuwa hivyo. Walimaliza na pointi 22, wakashuka. Siku hizi kila timu ina watu wa video wanaokusoma kabla hujafunga kamba za viatu. Winga akirudi nyuma mita 30 wiki hii, wiki ijayo kila mtu ana jibu lake.

Swali kwa wadau: kama ni timu yako, ungechagua nini? Ubingwa mmoja halafu ushuke baada ya misimu miwili, au miaka 20 ya kumaliza nafasi ya 12 kila mwaka bila presha?