Namba tasa haziishi: jumla isiyo na mwisho inavyothibitisha

Namba tasa ni namba kubwa kuliko 1 isiyogawanyika bila baki isipokuwa kwa 1 na kwa namba yenyewe: 2, 3, 5, 7, 11, 13 na kuendelea. Tukihesabu kwenda mbele, tunaziona zikipungua. Kati ya 1 na 100 zipo 25. Kati ya 100 na 200 zipo 21. Kati ya 200 na 300 zipo 16 tu. Je, kuna mahali zinakwisha kabisa?

Mgiriki Euclid alithibitisha zaidi ya miaka 2,000 iliyopita kwamba haziishi. Mwaka 1737 Leonhard Euler, mwanahisabati kutoka Uswisi, alipita njia nyingine: mfululizo usio na mwisho.

Jumla yenye kikomo

Tuchukue safari ya kutoka Kilosa hadi Mikumi. Siku ya kwanza tunakwenda nusu ya njia, ya pili robo, ya tatu moja ya nane. Kila siku nusu ya jana. Hata tukitembea milele hatutaipita Mikumi, kwa sababu 1/2 + 1/4 + 1/8 + … ni 1, yaani safari moja nzima.

Jumla isiyo na kikomo

Sasa tujumlishe 1 + 1/2 + 1/3 + 1/4 + … Hapa pia sehemu zinazidi kuwa ndogo. Lakini 1/3 na 1/4 kwa pamoja zinazidi nusu. Nne zinazofuata, 1/5 hadi 1/8, nazo zinazidi nusu. Nane zinazofuata vilevile. Nusu juu ya nusu bila kukoma: Mikumi tutaipita, na hakuna umbali tusioufikia.

Namba tasa zinaingia wapi?

Kila namba nzima kubwa kuliko 1 ama ni tasa, ama hupatikana kwa kuzidisha namba tasa, tena kwa namna moja tu: 12 ni 2 × 2 × 3. Kwa hiyo jumla ile ya pili ni sawa na kuzidisha mabano haya, bano moja kwa kila namba tasa:

(1 + 1/2 + 1/4 + …) × (1 + 1/3 + 1/9 + …) × (1 + 1/5 + 1/25 + …) × …

Kwa mfano, 1/12 ni 1/4 ya bano la kwanza mara 1/3 ya bano la pili, na 1 katika mengine yote.

Kila bano lina kikomo: la kwanza ni 2, la pili 3/2, la tatu 5/4. Kama namba tasa zingekwisha, mabano nayo yangekwisha, na jibu la kuzidisha lingekuwa na kikomo. Lakini tumeona jumla haina kikomo. Basi namba tasa haziishi.

Zinatusaidia nini?

Mfumo wa kuficha ujumbe uitwao RSA, uliobuniwa mwaka 1977, huzidisha namba tasa mbili kubwa mno. Kuzidisha ni kazi ya mara moja kwa kompyuta. Kuzitafuta zile mbili kutoka kwenye jibu ni kazi ngumu kupita kiasi. Njia hiyo imelinda mawasiliano mengi ya intaneti, yakiwemo ya kibenki. Na kwa kuwa namba tasa haziishi, kila ikihitajika namba kubwa zaidi, ipo.