Rubani naye ana bildi yake: vihisi vya ndege na vya vyombo vya angani

Sisi wakazi wa visiwa vya Lamu tumezoea ndege. Mtu huvuka kwa boti kutoka Amu hadi Manda, akapanda ndege, na baada ya muda mfupi yuko Malindi au Nairobi. Lakini wachache wetu huuliza: rubani akiingia ndani ya wingu, haoni ardhi wala bahari, anajuaje mwendo wake na kimo chake?

Jibu ni vihisi, yaani vifaa vinavyohisi upepo, joto au mgandamizo wa hewa, kisha vikapeleka habari mbele ya rubani na kwenye kompyuta. Nahodha wa jahazi ana bildi ya kupima kina na dira ya kumwonesha njia. Rubani naye ana vyake.

Cha kwanza ni bomba la Pitot, kijibomba kinachoelekea mbele, puani au kwenye bawa. Kilianzia majini: Mfaransa Henri Pitot alikibuni mwaka 1732, akapima kasi ya maji ya mto Seine. Ndege ikienda, hewa husukumwa ndani ya bomba. Msukumo huo ukilinganishwa na mgandamizo wa hewa tulivu, unaopokewa na vitundu vya ubavuni, mwendo hujulikana. Vitundu hivyo hivyo hutoa kimo, kwa sababu hewa hupungua mgandamizo kadiri unavyopanda.

Juu kabisa, ambako hewa haipo, bomba hilo halina kazi. Vyombo vya angani hutazama jua na nyota, kama wazee wetu walivyoshika njia usiku baharini. Mfano uko jirani, Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Tarehe 12 Desemba 1970, satelaiti ya Marekani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco baharini, ikaitwa Uhuru kwa kuwa Kenya ilikuwa ikitimiza miaka 7 ya uhuru. Vihisi vyake vilipokea miale ya eksirei kutoka mbinguni, ambayo hewa ya dunia huizuia isitufikie. Orodha yake ya mwisho ilikuwa na vyanzo 339 vya miale hiyo.

Lakini kihisi kinaweza kusema uongo. Mwaka 1996 ndege ya Birgenair ilianguka karibu na Jamhuri ya Dominika, wakafa watu 189. Wachunguzi walidhani nyigu walijenga ndani ya bomba moja la Pitot. Ndiyo maana mabomba hayo hufunikwa ndege ikilala, na vifuniko huwa na utepe mwekundu ili visisahaulike.

Msiba uliotugusa zaidi ni wa tarehe 10 Machi 2019. Ndege ya Ethiopian Airlines, Boeing 737 MAX, iliondoka Addis Ababa kuja Nairobi, ikaanguka baada ya dakika 6. Walikufa watu wote 157, wakiwemo Wakenya 32. Kihisi cha pembe ya pua dhidi ya upepo kilitoa habari potofu, na kompyuta ikaisukuma pua chini mara kwa mara. Ndege ilikuwa na vihisi viwili vya aina hiyo, lakini mfumo ule ulisikiliza kimoja tu. Miezi michache kabla, ndege ya aina hiyo hiyo ya Lion Air ilikuwa imeanguka Indonesia kwa njia kama hiyo, wakafa 189. Baadaye mfumo ulibadilishwa, ukawa unalinganisha vihisi vyote viwili.

Kwa maoni yangu somo ni hili: shahidi mmoja hatoshi. Nahodha mwenye akili hutia bildi tena akiwa na shaka, na hutazama rangi ya maji pia. Basi siku ndege ikicheleweshwa Manda kwa sababu kipimo kimoja hakikubaliani na mwenzake, tusimgombeze rubani. Tumwache akague, hata kama jua linatuchoma pale.