Karavani Mbovu na Haki ya Mnunuzi Uingereza

Karavani za kukokotwa na gari zilianza kuuzwa kibiashara Uingereza mwaka 1919, kampuni ya Eccles ya Birmingham ilipoanza kuzitengeneza. Biashara hiyo mpya ilikuta Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa ya 1893, ambayo baadaye ilikuwa kielelezo cha sheria ya Kenya ya 1931. Ilimtaka mfanyabiashara auze bidhaa yenye ubora wa kuuzika, lakini ikamwachia mianya miwili mikubwa. Mnunuzi aliyeikagua mali hakuweza kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi huo ulipaswa kuifichua. Tena muuzaji aliweza kujivua wajibu wake kwa kifungu kimoja tu cha mkataba.

Kwa karavani, mianya hiyo iliumiza hasa. Kwa miongo mingi zilijengwa kwa fremu ya mbao iliyofunikwa nje kwa mabati ya alumini na ndani kwa mbao nyembamba. Gundi ya kuzibia maungio ikikauka, maji ya mvua hupenya kidogo kidogo na kuozesha fremu, huku ukuta ukionekana mzima. Anayeikarabati ili aiuze anaweza kubandika ubao mpya juu ya uozo huo. Mnunuzi wa kiangazi huona ukuta mkavu. Majira ya baridi yakifika, akibonyeza pembeni mwa dirisha, kidole kinazama.

Mwaka 1973 Bunge liliziba mwanya wa mkataba: vifungu vya kumnyima mnunuzi wa kawaida haki hizo vikawa batili. Mwaka 1994 kipimo kikawa ubora wa kuridhisha, unaojumuisha usalama, uimara na kutokuwa na kasoro ndogo ndogo.

Lakini suala la muda lilibaki, na hapo ndipo haki ilipopotea. Sheria ilisema tu kwamba bidhaa ikataliwe ndani ya muda unaofaa. Mwaka 1987 Mahakama Kuu iliamua kesi ya gari jipya la Nissan lililozimika barabarani likiwa limetembea maili 140 hivi. Tone la gundi lililobaki ndani ya injini lilikuwa limeziba njia ya oili. Jaji alikubali kuwa gari ni bovu, ila wiki tatu hivi zilikuwa zimepita. Mnunuzi akapewa fidia, akanyimwa ruhusa ya kulirudisha. Uamuzi huo ulikuwa mkali kupita kiasi, kwani hakuna jicho la mnunuzi lingeliona tone hilo.

Sheria ya Haki za Walaji, iliyoanza kutumika Oktoba 1, 2015, ilitaja muda waziwazi. Ndani ya siku 30 mnunuzi anaweza kurudisha karavani mbovu na kurejeshewa fedha zote. Baadaye muuzaji hupewa nafasi moja ya kuitengeneza au kuibadilisha. Akishindwa, mnunuzi huirudisha au hupunguziwa bei. Katika hatua hii, kasoro inayojitokeza ndani ya miezi 6 huhesabiwa kuwa ilikuwepo tangu makabidhiano, na kuthibitisha vinginevyo ni kazi ya muuzaji.

Karavani iliyotumika au kukarabatiwa hulindwa vilevile, ingawa umri, bei na maelezo yake huzingatiwa, na kasoro aliyoonyeshwa mnunuzi kabla ya kununua haidaiwi. Ulinzi huo haumgusi anayenunua kwa mtu binafsi. Kwake sheria inadai hasa kwamba mali ilingane na maelezo ya muuzaji, hivyo bado anaweza kuuziwa mbuzi kwenye gunia asipomwita fundi apime unyevu wa kuta kabla ya kulipa.