Wakala Asiyeonekana

Apitaye juu ya bwawa la mchanga huko Kitui au Makueni wakati wa kiangazi huona mchanga mtupu, ilhali chini ya nyayo zake yamehifadhika maji ya vuli iliyopita, yakimngoja ajaye na kata yake. Na mfano huo, ambao mwenyeji wa huko hana haja ya kufasiriwa, ndio unaomfaa wakala wa wavuti asiyeonekana, yaani kompyuta ipokeayo maombi ya kurasa kwa niaba ya watumiaji na kuwawekea nakala, ambaye programu yake mashuhuri, Squid, iliyotolewa Marekani na Duane Wessels mwaka 1996, inatimiza miaka 30 mwaka 2026.

Kuunda wakala huyo si kazi ya mabingwa peke yao. Kompyuta moja, hata kuukuu, yenye kadi mbili za mtandao, huwekwa baina ya darasa na njia iendayo nje. Hutiwa Linux na Squid. Kisha Linux huamriwa kwamba kila ombi la ukurasa lielekealo poti 80 ligeuziwe poti 3128, pasipo mwombaji kuhisi, na huko Squid husoma jina la tovuti ndani ya ombi lenyewe, hutazama ghalani, na nakala ikiwapo nayo haijapitwa na wakati, humpa papo hapo. Ama sivyo huufuata ukurasa nje, humpa, na kuweka nakala kwa ajili ya mwingine.

Ghala la namna hiyo lilikuwa na thamani kubwa zamani zile, kwa kuwa intaneti ya Kenya, ambayo tangu 1998 uti wake ulikuwa Jambonet ya Telkom Kenya, ilipitia setilaiti iliyo umbali wa kilomita 36,000 juu ya ardhi, kwa gharama nzito. Kwa sababu hiyo hiyo, mwishoni mwa 2000 watoa huduma za intaneti, chini ya chama chao TESPOK, walifungua Nairobi KIXP, kituo cha kubadilishana data, ili barua ya mtu wa Nairobi kwa jirani yake isizunguke ng'ambo ndipo irudi. Telkom Kenya ikashtaki kwamba haki yake ya pekee imevunjwa, na tume ya mawasiliano, CCK, ikaamuru kituo kifungwe; watoa huduma wakajibu kwamba haki ile ni ya ujumbe uvukao mipaka, na huu hautoki mjini. Nami nasema walikuwa na hoja ya haki, maana aliyepewa idhini ya kusafirisha mizigo ng'ambo hakupewa idhini ya kuilazimisha isafiri. Februari 2002 kituo kikafunguliwa tena, kwa leseni.

Kisha kebo za baharini za SEACOM na TEAMS zikafika Mombasa mwaka 2009, na haja ya setilaiti, na ya ghala pamoja nayo, ikapungua. Baadaye tovuti nyingi zikatia lakiri ya HTTPS, ifichayo yaliyomo, na wakala akabaki kuona bahasha tu. Na mwenye kutaka kuifungua sharti aweke cheti chake katika kila kifaa, jambo lisilofaa kufanywa kwa siri, hasa tangu Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019.

Hata hivyo, nawasihi walimu wakuu wa Kitui na Makueni: zitoeni stoo kompyuta zilizotupwa, mzitie, badala ya ghala la wakala, Wikipedia kwa programu ya Kiwix, isomekayo bila intaneti, na muwaambie wanafunzi na wazazi waziwazi kilichomo ndani yake.